Mshumaa wa Dominika ya Nne

Kila jioni ya Majilio, yale majuma manne ya kuingoja Krismasi, kabla ya chakula, simu zote za nyumba ile zililala kapuni. Baba ndiye aliyelipitisha kapu, kama mtu anayekusanya sadaka kanisani. Mama alitumbukiza yake, Bibi akatumbukiza yake ndogo ya vitufe, na Baba akamalizia. "Nazo zifunge kidogo," alizoea kusema. Bosi, mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne na hakuwa na simu, alitumbukiza gari lake la plastiki ili naye ahesabiwe.

Kisha walikaa kuzunguka shada la Majilio. Baba alikuwa fundi baiskeli, na shada lake lilijulikana mtaa mzima. Alichukua ringi ya baiskeli ya mtoto, akaivika matawi mabichi, akachomelea juu yake vikombe vinne vya kusimamishia mishumaa. Mitatu ilikuwa ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, na yote ilikuwa imebarikiwa na Padre. Dominika ya kwanza, yaani Jumapili ya kwanza ya Majilio, waliwasha mmoja, Dominika ya pili wakawasha miwili. Wa waridi ulingoja Dominika ya tatu, na ule wa zambarau wa mwisho ulingoja ya nne, ukiwa mrefu na mpya kabisa.

Baba alisoma sala, Mama akaanzisha wimbo, halafu zikafuata dakika tano za kimya. Hizo ndizo zilizomshinda Redio. Redio alikuwa binti yao wa miaka kumi na miwili, na Baba alimpa jina hilo kwa sababu lolote lililoingia sikioni mwake lilitoka mdomoni kabla halijapoa. Dakika tano za kimya kwake zilikuwa ndefu kuliko misa ya Pasaka.

"Unamngoja nani?" Bibi alimnong'oneza jioni moja, alipomwona akijipinda kwenye kiti.

"Namngoja Baba aseme amina," Redio alijibu.

Bibi alicheka hadi kikohozi kikamshika. Alikuwa na pumu ya miaka mingi, na kipindi cha mvua kifua chake hakikuwa na simile. Dawa yake ya kuvuta, ile ya kopo dogo la buluu, ilikaa siku zote kwenye rafu karibu na kitanda chake.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mchana Redio alimsaidia Mama kwenye chumba cha mbele, alimoshonea nguo. Kazi yake ilikuwa kumsomea ujumbe wa wateja, maana Mama akishakaa kwenye cherehani mikono haikuwa na nafasi na mdomo ulikuwa umejaa pini. Jumatatu ya wiki ya pili, Mama alitoka nje kumpima mteja kiuno, akamwachia Redio simu. Ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la jumuiya. Redio akaufungua.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu aliyetoka kulia.

"Wapendwa, sikilizeni kabla hamjachelewa. Alhamisi hii giza litashuka duniani, litakaa siku tatu. Umeme utazimika. Hakuna mshumaa utakaowaka ila uliobarikiwa. Fungeni milango, msichungulie nje. Waovu watakuja kubisha hodi, na watawaita kwa sauti za mama zenu na bibi zenu. Msifungue. Atakayefungua amepotea. Wala msimwambie asiyeamini, maana atawazuia."

Redio aliusikiliza mara mbili. Padre mwenyewe si alisema kanisani kwamba Majilio ni wakati wa kukesha na kuwa tayari? Tena alisema hakuna ajuaye siku wala saa. Lakini Redio hilo la pili alikuwa amelisahau, na la kwanza tu ndilo lililobaki kichwani.

Mama aliporudi, Redio alifungua mdomo, kisha akaufunga. Je, Mama anaamini au haamini? Kama haamini, atawazuia. Basi kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, Redio ilizimika.

Siku mbili zile alipata tabu. Chakula hakikupita kooni. Usiku alijifunika shuka hadi kichwani na kusikiliza kila kitasa kilicholia. Jioni, wengine walipofumba macho wasali, yeye aliikodolea mishumaa na kuhesabu: mmoja, miwili, mitatu, minne. Je, itatosha siku tatu? Mama alimgusa paji la uso akiogopa homa. Baba akasema pengine betri imeisha. Wote walicheka, Redio hakucheka.

Alhamisi ikafika, na asubuhi yake ilikuwa na jua safi. Redio alianza kupumua. Saa sita mchana Bibi akachukua mwavuli wake na kwenda kanisani, kwa sababu kina mama wa parokia walikuwa wakifua vitambaa vya altare. Baada ya chakula Mama naye akafunga gauni la mteja kwenye mfuko, akaagiza, "Mwangalie mdogo wako. Sitakawia." Baba alikuwa kwenye banda lake la kazi, mitaa mitatu kutoka pale.

Kabla ya saa kumi alasiri wingu lilijaa angani. Halikuwa wingu la mchezo. Lilikuwa jeusi, na lilishuka chini hadi mapaa yakawa kama yanaligusa. Upepo ukavuma, milango ikajibamiza. Ndani kukaingia giza kiasi kwamba Redio alishindwa kuona namba kwenye saa ya ukutani. Akabonyeza swichi ya taa. Taa ikawaka, ikacheza mara moja, ikazimika.

Moyo ulimwenda mbio. "Bado si lenyewe," alijiambia kwa sauti. Alikumbuka kwamba ipo njia ya kujua. Jikoni kulikuwa na kipande cha mshumaa wa dukani, usiobarikiwa na mtu. Kikiwaka, basi yote ni uongo. Alipapasa rafu ya jikoni, akakipata, akawasha kiberiti na kukisogeza kwenye utambi.

Utambi ulitoa cheche, ukalia chwii, ukafa. Akajaribu tena, ukafa tena. Akajaribu mara ya tatu, kiberiti kikamuunguza vidole.

Alimshika Bosi mkono, akamburuta hadi mezani, akanyofoa mishumaa yote minne kwenye shada. Gizani hakuchagua. Akauwasha wa kwanza uliomjia mkononi, nao ukawaka papo hapo, moto wake umesimama wima. Huo ndio uliommaliza kabisa. Alikimbilia mlangoni, akapanda juu ya kigoda, akasukuma komeo la juu ambalo Baba peke yake ndiye aliyelifunga. Kisha wakaingia chini ya meza yeye na Bosi, mshumaa ukiwa umesimamishwa kwenye kifuniko cha sufuria.

"Tunacheza nini?" Bosi aliuliza.

"Nyamaza. Sali."

Mvua ikashuka kwa kishindo. Hapakupita muda, mlango ukagongwa.

"Hodi," ilisema sauti nje. "Mjukuu wangu, nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Bibi, haikupungua wala kuzidi. Nywele zilimsisimka Redio. Watawaita kwa sauti za mama zenu na bibi zenu.

"Ni Bibi," Bosi alisema na kuanza kutambaa kutoka chini ya meza.

Redio alimvuta kwa kaptura. "Siyo Bibi. Ni sauti tu. Ukifungua tumepotea."

"Nifungulie, mama," sauti ikaita tena. "Mwavuli umevunjika. Jirani hayupo, kafunga kwake. Kifua kinanibana."

Redio aliziba masikio kwa viganja. Alisali Salamu Maria haraka haraka, maneno yakipandana, na kila alipofika katikati alisahau alikotoka. Mlango uligongwa, ukanyamaza, ukagongwa tena. Bosi alianza kulia. Mshumaa uliendelea kupungua. Kadiri muda ulivyokwenda, kule kugonga kulizidi kuwa kwa chini, kama mtu anayegonga kwa kiganja kilichochoka, kisha kukawa hakuna kugonga tena.

Hapo Redio alipaswa kufurahi. Alitoa mikono masikioni asikilize. Katikati ya mvua alisikia kikohozi. Kilianza kikavu, kikafuatiwa na mluzi mrefu wa pumzi inayotafuta njia, kikarudi. Redio alikijua kikohozi hicho. Alikuwa akikisikia tangu alipokuwa mchanga wa kubebwa, kwa sababu mgongo uliombeba ndio uliokuwa ukikikohoa.

Aliogopa kupita alivyowahi kuogopa maishani mwake. Hakuacha kuamini ule ujumbe, aliuamini bado. Lakini kile kikohozi hakikuvumilika. "Hata kama siye," alisema, "hata kama siye, hawezi kuachwa akikohoa hivyo nje." Akapanda kigoda. Komeo lilikuwa gumu, likamchubua kidole, likafunguka.

Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameegemea mlango, na mlango ulipofunguka aliangukia ndani. Alikuwa ameloa chapachapa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alionyesha tu kwa kidole upande wa chumba chake.

Redio aliruka. Alilipata kopo la buluu, akalitikisa kama alivyomwona Bibi akifanya, akalitia mdomoni mwa Bibi na kubonyeza. Mara moja, wakangoja. Mara ya pili, wakangoja. Pumzi iliingia kwa mluzi, ikatoka, ikaingia tena. Redio alimshika mkono uliokuwa baridi kama chuma, na alikuwa hivyo hivyo, analia, Mama alipotokea na maji yakimchuruzika.

Mama hakupoteza muda. Alikimbia barabarani, akarudi na dereva wa teksi, mwanamume mnene aliyembeba Bibi mikononi bila kuuliza nauli. Wakati wanamfunika shuka kavu, Mama aligeuka.

"Hukumsikia akigonga?"

Redio alitazama sakafu. "Mvua ilikuwa kubwa, Mama."

Bibi alifumbua macho, akamtazama mjukuu wake, akayafumba. Mlango wa teksi ukafungwa.

Mvua ilikatika kabla ya saa kumi na moja. Jua la jioni likatoka, umeme ukarudi, mtu wa mtaani akafungulia muziki. Hapakuwa na siku tatu za giza. Hata saa tatu hazikufika. Redio alisimama katikati ya sebule iliyojaa mwanga, na hofu mpya ikamwingia, kubwa kuliko ile ya kwanza. Hii haikuwa ya waovu wasioonekana. Alimwogopa yeye mwenyewe. Alirudisha mishumaa kwenye vikombe vyake, akapangusa nta kwenye kifuniko, akakaa kumngoja mtu wa kumletea habari.

Habari ilikuwa kwamba Bibi amelazwa na anawekewa hewa ya oksijeni, na jioni ile kapu halikupita.

Ijumaa jioni Baba alipitisha kapu kama kawaida, ingawa Mama alikuwa hospitalini na kapu lilikuwa na simu moja na gari la plastiki. Akachukua kiberiti, akainama kuwasha mishumaa miwili, akasita.

"Hebu," alisema. Alinyoosha kidole kwenye mshumaa wa zambarau wa mwisho, ule wa Dominika ya nne. Ulikuwa umeungua, mfupi kuliko ule wa waridi ambao haukuwa umewashwa bado. "Huu haujafika zamu yake. Nani ameuwasha?"

Baba akamgeukia Bosi, ambaye wiki iliyopita tu alikamatwa na njiti za kiberiti mfukoni.

"Bosi, umechezea moto tena?"

Bosi alimtazama dada yake. Midomo ilianza kumcheza. Hakusema kitu, kwa sababu Dada alimwambia anyamaze, na tangu jana hakuwa ameambiwa kwamba sasa anaweza kusema.

Redio aliona njia ilivyo rahisi. Alihitaji tu kukaa kimya, dakika tano zile zile zilizomshinda kila jioni. Bosi angekaripiwa kidogo, angelia, angelala. Lakini alimkumbuka Bibi akifumba macho ndani ya teksi.

"Ni mimi," alisema. "Na nilimsikia Bibi. Nilimsikia tangu mwanzo."

Yakatoka yote: sauti ya simuni, kipande cha mshumaa kilichokataa kuwaka, komeo, kikohozi, uongo aliomwambia Mama. Baba alisikiliza amesimama, njiti ya kiberiti mkononi. Redio alipomaliza, Baba alikwenda jikoni, akarudi na kile kipande cha mshumaa wa dukani. Alikiminya, na tone la maji likatoka kwenye utambi.

"Bati linavuja juu ya ile rafu, na mvua za wiki nzima zimekilowesha," alisema taratibu. "Nimekuwa nikisema nitaliziba kesho tangu mwezi uliopita." Alikaa chini kwa uzito. Redio alingoja kofi au kelele, na wala hakuona kimojawapo. "Kesho asubuhi tutakwenda hospitali. Utamwambia Bibi mwenyewe. Hilo siwezi kukusaidia."

Usiku ule ulikuwa mrefu, na njia ya kwenda hospitali asubuhi ilikuwa fupi mno. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na Bibi alikuwa kwenye cha mwisho dirishani, ameegemea mito, rozari mkononi. Mama alikuwa amekaa miguuni pake. Redio alisimama mbali kidogo na kitanda.

"Bibi, nilikusikia ukigonga. Nikakuacha nje."

"Najua," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nilikusikia ukimwambia mdogo wako kwamba mimi ni sauti tu. Nikajiuliza, mwili wangu huu wote umekwenda wapi."

Mama aligeuza shingo kwa mshangao. Bibi alikuwa amekaa na siri hiyo tangu Alhamisi bila kuitoa.

"Kwa nini hukunisema?" Redio aliuliza, machozi yakimdondoka.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Majilio si ndiyo haya?" Akapigapiga kitanda kumwonyesha mahali pa kukaa. "Sasa niambie. Kama uliamini mimi ni mwovu, mbona ulifungua?"

"Nilisikia kikohozi. Nikasema hata kama siyo wewe..."

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kumpa shetani dawa ya pumu."

Bibi alicheka, kikohozi kikamjia, nesi akamtazama kwa jicho kali, wote wakanyamaza. Redio mwenyewe alijikuta akicheka katikati ya kilio, na kifua chake kikafunguka kidogo.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Ule ujumbe mimi pia niliusikia. Nikaguna, nikaupita. Padre alishatuonya kwenye kundi kwamba ni uzushi, na sikukaa nanyi kuwaambia. Kila jioni tunaziweka simu kapuni, lakini hatujawahi kuongea juu ya yanayotoka ndani yake. Kosa hilo ni langu." Akamshika binti yake bega. "Lakini mwanangu, ujumbe wowote unaokukataza kumuuliza mtu mzima, huo ndio wa kuniletea mbio."

"Na ukija kuogopa tena, uogope ukiwa na sisi," Bibi alisema. "Kuogopa si dhambi. Mimi nimeogopa mara nyingi. Lakini ulipoficha, ulibaki peke yako na ile sauti, na uongo ukakufungia ndani zaidi ya komeo." Alipumzika kidogo, akavuta hewa. "Usiku ule Bikira Maria alipozunguka akitafuta mahali pa kujifungulia, wenye nyumba walifunga. Sidhani walikuwa watu wabaya. Labda waliogopa tu, kama wewe. Sisi tunaokaa kumngoja mwanawe hatuna haki ya kuogopa mlango. Tunakesha ili akigonga tumsikie, si ili tujifiche. Na mara nyingi anagonga kwa mkono wa mtu aliyeloa."

Dominika ya tatu, Bibi alirudi nyumbani amevikwa masweta mawili. Baba alikuwa ameziba bati. Alitaka pia kununua mshumaa mwingine wa zambarau mahali pa ule ulioungua, ila Bibi alikataa katakata, akasema ubaki hapo hapo na ufupi wake, wauone kila jioni hadi Krismasi. Kapu likapita. Baba akawasha ya zambarau miwili, kisha akampa Redio kiberiti auwashe ule wa waridi, wa Dominika ya Furaha. Wakaimba, wakanyamaza.

Katikati ya dakika tano za kimya, mlango uligongwa.

Redio alishtuka hadi kiti kikalia. Moyo ulimwenda mbio kama Alhamisi ile. Aliwatazama wazazi wake, lakini hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Akasimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye komeo, akalivuta kabla mlango haujagongwa mara ya pili.

Nje alisimama yule dereva mnene wa teksi, akijipangusa manyunyu usoni, anaona aibu. "Samahanini, mko kwenye sala," alisema. "Nilikuwa napita. Nilitaka tu kujua mama mzee anaendeleaje."

"Anaendelea vizuri," Redio alijibu. "Karibu ndani, Mjomba. Tulikuwa tunangoja."

Akamvutia kiti karibu na Bibi, mbele ya mishumaa mitatu iliyokuwa ikiwaka.